Faili ya Elmina Arasa

Esnah Arasa alikuwa ameishi kwa jina la dada yake miaka kumi na sita, na wacha nikwambie, alikuwa amelizoea mpaka ukimwita Esnah barabarani hageuki.

Mnaojua kambi za majani chai mtanielewa, na msiojua tulieni niwaeleze. Mwaka wa elfu mbili na tisa kampuni moja huko Kericho ilikuwa inaandika watu. Esnah alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka kwao Kisii na kikaratasi cha kusubiria kitambulisho, na kikaratasi hicho kampuni haikukitaka hata kukiona. Dada yake mkubwa, Elmina, alikuwa na kitambulisho kizima na hakuwa na haja nacho kubwa, kwani alikuwa ameolewa na Kebaso na ana migomba yake na duka dogo la sukari na mafuta ya taa. Sura zao zinafanana, ila Elmina ana paji pana. Basi Elmina akakitoa kwenye mkoba, akampa mdogo wake, akamwambia aende aandikwe kazi, chake kikija atajua la kufanya. Karani wa kampuni alitoa nakala bila kuinua macho. Kadi yenyewe ilirudi kwa Elmina wiki iliyofuata, lakini jina likabaki kambini.

Na asikudanganye mtu kwamba lilikuwa jambo la ajabu. Katika laini yao ya nyumba kumi na mbili, nusu walikuwa wanachuna majani kwa majina ya watu wengine. Kulikuwa na Omosa, jitu la ndevu mpaka shingoni, ambaye kwenye orodha ya kazi alikuwa Kiplimo, na Kikipsigis chote alichokijua kilikuwa chamgei, neno la salamu. Nyapara alijua. Mungu alijua. Kitambulisho cha Esnah mwenyewe kilipofika baada ya miezi saba, alikitia chini ya sanduku la nguo, kwa sababu kwenda ofisini kusema mimi si Elmina kulikuwa ni kwenda kujifukuzisha.

Balaa lilianzia zahanati. Mwaka wa pili kambini, akiwa na mimba ya binti yake Vinny, Esnah alipimwa akakutwa na virusi. Nesi akafungua faili. Akaulizwa jina, masikio yakiwa bado yanamvuma, naye akataja lile lile la kazini: Elmina Arasa. Akaulizwa kwao, akataja kwa Kebaso, ng'ambo ya mpaka wa Kericho na Kisii, kwa sababu ndivyo alivyoandikwa. Alipofika nyumbani, akavua gamubuti, ndipo alipotambua alichofanya. Alikuwa amechukua ugonjwa wake akamwandikia dada yake.

Dawa zilimkubali, tumshukuru Mungu. Vinny alizaliwa mzima, akapimwa mara tatu, mara zote hana kitu. Baba Vinny alikwenda zake, na huyo hatutamtaja tena. Esnah alimeza dawa kila jioni na kuchuna majani kila asubuhi, na siri akaikalia. Kila Desemba alipokwenda kwa Elmina kula sikukuu, alimwangalia dada yake amevaa sare ya Dorcas, kikundi cha akina mama wa kanisa, anapanga maua ya kanisa, watu wakimwita Mama Mzee wa Kanisa kwa sababu Kebaso ni mzee wa kanisa, naye akaisogeza sahani kando. Angeanzia wapi?

Miaka miwili iliyopita mashine za kuchuna zikaja. Mashine moja na watu watano ikafanya kazi ya laini nzima, na kampuni ikawapa wengine asante yao na lori la kubebea vitanda. Katika kuhamahama huko Esnah alikosa kliniki miezi miwili. Anakumbuka vizuri kwa sababu ya simu moja ya ajabu. Elmina alimpigia jioni, hata salamu hakutoa, akamwambia kama kuna mahali anafaa kuwa na hajaenda, aende kesho. Esnah alidhani anasutwa kwa kukosa kanisa. Lakini simu ile ilimkera, na kwa kuwa ilimkera alijikuta ameamka mapema akaenda kliniki.

Alipata chumba kwa Chepkurui, mama mmoja Mkipsigis mwenye ekari mbili za chai na ng'ombe watatu upande wa Ndanai. Esnah alimchunia majani na kumkamulia, Chepkurui akamlipa na kumpa maziwa, na wakapatana sana, maana wote wawili walikuwa wanawake wa kusema mambo kama yalivyo. Zahanati ya kampuni ilikuwa imeshahamisha faili hadi hospitali ya serikali. Faili ikaenda na jina lake: Elmina Arasa.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Mwaka jana Esnah alishikwa na kichwa, si kile cha jua, kichwa cha kulala chini na kutapika na kutotaka kuona mwanga. Chepkurui ndiye aliyemfikisha hospitali. Daktari Aluoch, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, alisema ni fangasi imeingia kwenye utando wa ubongo. Alilazwa wiki tatu akatoka hai, na akapewa tembe za kumeza kila siku kwa mwaka mzima, pengine zaidi, ili kitu kile kisirudi. Dawa za virusi ni za bure, kila mtu anajua. Na hizi za fangasi zilikuwa za bure, hadi wafadhili walipofunga mkono na kabati likabaki na vumbi. Kutoka hapo ikawa ni kununua kwa chemisti.

Pesa ya kuchuna majani haikutosha dawa na karo ya Vinny. Esnah akafanya ujinga ambao mimi na wewe tungeufanya: akaanza kuruka siku. Leo anameza, kesho anaacha. Mwezi wa pili wa kuruka kichwa kikaanza kugonga tena, kwa mbali. Aluoch hakumfokea. Alimwambia kwamba ugonjwa huu ukirudi mara ya pili huwa mkali kuliko wa kwanza, na hataki kumdanganya. Kisha akamwandikia barua na kumpa fomu ya mfuko mmoja ulioanzishwa na makanisa kusaidia wagonjwa wasioweza kununua dawa. Kamati hukaa kila baada ya miezi miwili, na kikao kilikuwa Ijumaa ile. Esnah alikuwa amebakisha tembe nane.

Jumatatu alikuwa Kericho mjini kwenye ofisi ya mfuko, juu ya duka la vyakula vya mifugo. Afisa wa pale aliitwa Kiptanui, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Akapokea fomu. Akapokea kitambulisho, maana mfuko haupokei mtu bila kitambulisho chake halisi na namba yake ya bima ya afya. Akapokea barua ya Aluoch. Akaziweka karatasi pamoja juu ya meza, akaziangalia muda mrefu. Kitambulisho kilisema Esnah. Barua ilisema Elmina.

"Mama, mimi sikukatai," akasema. "Lakini hapa naona watu wawili, na mgonjwa ni mmoja."

Esnah alieleza. Alianza na machozi akamaliza na hasira, kwa sababu kila alipoeleza aliona jinsi jambo lilivyo rahisi na jinsi lilivyomkaba. Kiptanui alimsikiliza hadi mwisho. Hakushangaa sana, alikuwa mwana wa Kericho, na mjomba wake mwenyewe alichuna miaka tisa kwa jina la marehemu. Ila mfuko ulikuwa umewahi kuchezewa na watu waliokuja na barua za wagonjwa wengine wakauza dawa sokoni, na tangu hapo masharti yalikaza. Njia ilikuwa moja. Mwenye jina aje mwenyewe na kitambulisho chake, Ijumaa saa nne, aseme mbele ya kamati na wakili kwamba faili hii si yake, ni ya mdogo wake. Hapo hospitali ingebadilisha jina na mfuko ungelipa. Asipokuja, fomu ingengoja kikao kingine.

Miezi miwili. Na tembe nane.

Chepkurui alipoelezwa jioni hiyo, wakiwa wanapima majani kituoni, hakuona ugumu uko wapi. Kwa nini kuita mtu? Si aazime tu kitambulisho cha dada yake kama zamani, aende nacho ofisi ya mfuko ya mji mwingine, ambako Kiptanui hayuko, ajiite Elmina, faili na kadi vifanane, mambo yaishe? Kamati ya huko inajua paji lake la uso? Esnah alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wazo lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno kwa mtu aliyekuwa ameishi hivyo miaka kumi na sita, na lilimwondolea lile jambo kubwa lililokuwa linamkosesha usingizi, yaani kumtazama Elmina machoni na kusema.

Akampigia simu palepale, gunia la majani begani. Akasema kuna kazi kwenye shamba la maua imetokea, wanaandika watu, naomba kitambulisho chako siku mbili tu.

"Kuja uchukue mwenyewe," Elmina akasema.

Jumatano Esnah alivuka mpaka akafika kwa dada yake kabla ya saa sita. Elmina alikuwa jikoni anachambua mboga za chinsaga, anatoa vijani kwenye vijiti na kuvirusha kwenye ungo. Alimkaribisha kama kawaida, akamuuliza habari ya Vinny, akamuuliza kama kule kwa Wakipsigis mvua imenyesha. Kitambulisho kilikuwa tayari juu ya meza, chini ya kikombe, ili upepo usikibebe. Elmina akakionyesha kwa kidevu na kuendelea na mboga zake.

Esnah alisogeza kikombe. Akakishika kitambulisho. Picha ile ilikuwa ya Elmina wa miaka ishirini na moja, nywele za kusukwa, anatabasamu kidogo ingawa mpiga picha huwa anakataza. Mtu huyo alimpa jina lake bila kuuliza swali, naye akaenda akaliandika kwenye faili ya ugonjwa ambao mama yao alikuwa akiutaja kwa kunong'ona. Na sasa amekuja kuliomba tena, kwa uongo wa maua. Esnah aliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio. Akakirudisha kitambulisho chini ya kikombe.

"Hakuna kazi ya maua," akasema. "Dada, jina lako liko hospitali. Liko kwa faili ya ukimwi. Mgonjwa ni mimi. Ni miaka kumi na nne sasa."

Elmina aliendelea kuchambua. Kijiti kimoja, kijiti cha pili.

"Najua," akasema.

Esnah alikaa kwenye kigoda bila kukitafuta, bahati kilikuwepo. Na Elmina, mikono ikiwa bado kwenye ungo, akamweleza. Miaka miwili iliyopita, wakati Esnah anahamahama, alikuja mama mmoja wa afya ya kijiji na daftari kwapani. Alimwita Elmina kando, nyuma ya duka, akamuuliza kwa adabu kama yeye ndiye Elmina Arasa aliyekosa dawa zake miezi miwili, maana hospitali ya Kericho ilikuwa imetuma jina. Elmina alikaribia kumwambia amepotea njia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha akakumbuka ni nani mwingine duniani aliyewahi kuwa Elmina Arasa, na akaelewa yote kwa mara moja, hata kukonda kwa mdogo wake, hata sababu ya kunyamaza kila sikukuu. Akamwambia yule mama kwamba ndiyo, ni yeye, alisafiri, atakwenda kesho. Akatia sahihi kwenye daftari. Kisha akampigia Esnah simu.

"Ile simu," Esnah akasema.

"Nilijua siwezi kukuambia zaidi. Ulikuwa hutaki nijue."

Lakini maneno ya nyuma ya duka huwa hayabaki nyuma ya duka. Kebaso alikuwa ndani anapanga sukari, akayasikia. Siku nne hakuongea na mke wake. Mzee wa kanisa, mtu wa kusali mezani kwa sauti, akawa anakula akiangalia ukuta. Siku ya tano Elmina alivaa viatu, akamwambia twende, wakaenda wakapimwa wote wawili, na wote wawili hawakuwa na kitu. Njiani kurudi Kebaso alitaka kujua basi yule mama alikuja kutafuta nani. Elmina akamwambia jina ni lake ila ugonjwa si wake, na kama anampenda asimuulize la tatu. Kebaso hakuuliza. Ila Jumamosi iliyofuata, kwenye maombi ya familia, aliomba kwa ajili ya shemeji yake Esnah kwa jina, bila kusema kwa nini, na hajaacha hadi leo.

Esnah alilia hapo jikoni kilio cha mtu mzima, kile cha mabega. Alimuuliza dada yake kwa nini hakukataa tu. Lilikuwa neno moja. Angesema si mimi, angeokoa ndoa yake zile siku nne.

Hapo ndipo Elmina alipoacha ungo. Alikuwa amekasirika, na hasira ilikuwa ya miaka miwili, imekaa imeiva.

"Ningesema si mimi, wangefuta faili. Ungemeza nini?" Akajifuta mikono kwenye leso. "Jina sikulilia. Nilikulilia wewe. Umekuja hapa Desemba mbili tangu nijue, umekula kwangu, umelala kwa kitanda ya mtoto wangu, na kila usiku nasema leo ataniambia. Ulidhani nitakufukuza na sahani?"

Ndivyo hasa Esnah alivyodhani. Alimwambia hivyo hivyo. Elmina akamtazama, akatikisa kichwa, akaita huo upumbavu, na akampakulia ugali wa wimbi mkubwa uliofaa watu watatu. Ndipo Esnah akamweleza habari ya kichwa, na tembe, ambazo sasa zilikuwa zimebaki sita, na kamati ya Ijumaa. Safari hii hakuficha kitu, hata habari ya kuruka siku. Elmina alimsonya kwa hilo la kuruka. Kisha akauliza Ijumaa ni saa ngapi, na kama kwenye hiyo ofisi kuna ngazi, kwa sababu goti lake halipendi ngazi.

Ijumaa saa tatu na nusu akina dada wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi juu ya duka la vyakula vya mifugo, harufu ya pumba ikiwapanda kutoka chini. Elmina alikuwa amevaa sare yake ya Dorcas, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Esnah alipomuuliza kwa nini avae sare mahali kama hapa, ambapo mtu yeyote wa kanisa angemwona, alijibu kwamba hiyo ndiyo nguo yake ya kwenda mahali pa maana. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini Esnah aliona jinsi alivyoushika mkoba kwa mikono yote miwili. Na yeye aliogopa, tusimfanye malaika. Alikuwa anakwenda kukiri mbele ya wakili kwamba alimwachia mtu kitambulisho chake, na huko nyumbani watu wamewekwa ndani kwa makosa madogo kuliko hayo.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: Kiptanui, wakili mmoja kijana aliyetazama saa kila mara, na mwenyekiti, mama Rodah, mwalimu mkuu mstaafu ambaye sauti yake bado ilikuwa ya paredi ya asubuhi. Rodah alisoma karatasi zote kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akamtaka Esnah aseme mwenyewe yeye ni nani na anaomba nini.

Jambo dogo, utasema. Lakini Esnah hakuwahi kulisema lote pamoja, jina lake na hali yake, katika sentensi moja, mbele ya mtu yeyote. Alimtazama Elmina, na Elmina akamtazama, hakumsaidia, akangoja.

"Mimi ni Esnah Nyatichi Arasa," akasema. "Ninaishi na virusi tangu mwaka wa elfu mbili na kumi na moja. Naomba dawa ya fangasi ya kichwa, kwa sababu nimeshindwa kununua, na sitaki kufa."

Kalamu ya Kiptanui ikaanza kuandika. Rodah akamgeukia Elmina. Alimuuliza, kwa ile sauti ya paredi, kama anaelewa kwamba kumpa mtu mwingine kitambulisho atumie ni kosa kwa sheria. Elmina akasema anaelewa. Akamuuliza kama hii faili, ya miaka kumi na nne, ni yake. Elmina akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame, na goti lile.

"Faili si yangu. Jina ni langu, nilimpa mimi mwenyewe aende atafute kazi. Limemtafutia kazi, limemlinda na ugonjwa, limemzalia mtoto mzima. Sina deni na yeye. Sasa naomba mumwandike lake."

Rodah alivua miwani. Akamuuliza wakili kama hicho kiapo kinaweza kuandikwa bila kumtia mama huyu matatani. Wakili akasahau saa yake. Akasema mtu aliyekuja mwenyewe kusahihisha rekodi si mtu wa kutafutwa, na kwamba karatasi anaiandika sasa hivi, wangoje dakika ishirini. Wakangoja dakika ishirini. Elmina akatia sahihi, Esnah akatia sahihi, na Rodah akapiga muhuri kwa nguvu mpaka kikombe cha kalamu kikaruka. Mfuko ungelipa tembe za miezi sita, na baada ya hapo aombe tena ikiwa Aluoch atasema bado. Alipokuwa anawarudishia vitambulisho, Rodah alimtazama Esnah juu ya miwani na kumwonya asiruke tena hata siku moja, maana yeye atauliza.

Waliteremka ngazi polepole kwa ajili ya goti. Esnah alitaka kusema asante na hakupata asante yenye ukubwa wa kutosha, basi akambebea dada yake mkoba. Elmina alisema mkoba wake si mzito, lakini akauachia.

Kabla ya saa nane walikuwa hospitalini. Aluoch alichukua barua ya kamati, akasoma, akatabasamu hadi kwenye masikio, akaleta jalada jipya. Faili ya zamani ilikuwa nene kama Biblia ya mimbari, miaka kumi na nne ya vipimo. Akachora mstari mmoja mwekundu juu ya jina, akaandika jingine, akatia sahihi na tarehe pembeni. Kisha akawatuma kwenye dirisha la dawa wakangoje kuitwa.

Benchi la dirisha lilikuwa limejaa. Walibanana kando ya bwana mmoja mwenye kikohozi. Elmina alianza kumsimulia habari za duka, jinsi Kebaso alivyonunua sabuni ambazo hakuna anayezitaka, na jinsi alivyomtuma amwambie Esnah kwamba Desemba hii asije na zawadi, aje na Vinny tu. Esnah alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka na dada yake hivyo tangu wakiwa wasichana wanaochota maji.

Dirishani nesi aliita mtu. Mtu hakwenda. Akaita tena, kwa nguvu kidogo, na Esnah akageuza shingo kama wenzake kuangalia ni nani huyo anayechelewesha watu. Bwana wa kikohozi naye akaangalia. Nesi akainua pakiti ya dawa juu, akaisoma kwa mara ya tatu.

"Esnah Arasa. Kama hayuko niite mwingine?"

Elmina akamfinya pajani.

"Enda," akasema. "Ni wewe."

Esnah akasimama. Alikwenda hadi dirishani, akasema ndiye, na nesi akamwambia siku nyingine asikie haraka. Alirudi kwenye benchi na pakiti mkononi, juu yake jina lake limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Ilikuwa saa ya tembe ya siku hiyo. Elmina akafungua chupa yake ya maji, akampa.